Siku sita bila choo: tazameni ulaini wa choo, msihesabu siku

Kila Wiki ya Unyonyeshaji, Agosti 1 hadi 7, tunajiandaa kuulizwa kuhusu maziwa. Tunaulizwa kuhusu choo. Mtoto wa miezi miwili hajapata choo siku ya sita, na nyumbani kila mtu keshataja dawa yake.

Bibi mmoja wa hapa Pemba alimleta mjukuu wake. Nikamfungua kanga: tumbo laini, anacheka, kisha akanyonya mbele yangu mpaka akasinzia. Bibi akafungua pindo la kanga yake, akanionesha kipande cha sabuni ya kufulia kilichochongwa kama kidole. "Daktari, tulikuwa tunangoja neno lako." Nilimshukuru kwa kungoja. Sabuni huunguza ngozi laini ya ndani ya njia ya haja kubwa.

Maziwa ya mama hutumika karibu yote mwilini. Baada ya wiki sita hivi mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku saba, hata kumi, kisha akatoa choo laini, cha manjano kama binzari. Huyo hajafunga choo. Na akijikamua, akawa mwekundu na kulia dakika kumi kabla ya kutoa choo laini, bado anajifunza kusukuma na kulegeza kwa pamoja. Tumeshalisema hili mara nyingi, na bado mafuta ya mbarika yanatumika! Yanamharisha mtoto mpaka akaukiwa maji. Asali ni hatari zaidi: chini ya mwaka mmoja inaweza kumpa sumu inayolegeza misuli, na dalili yake ya mwanzo huwa ni hiyo hiyo ya kufunga choo. Maji nayo, kabla ya miezi sita, hapana.

Aliye chini ya wiki sita ni habari nyingine. Choo kichache kinaweza kuwa dalili kwamba maziwa hayamtoshi, kwa hiyo apimwe. Njooni na kadi ya kliniki. Mtoto avuliwe nguo zote, na nepi pia, kwani nepi iliyolowa huongeza uzito usio wake. Hakikisheni uzito umeandikwa na nukta imewekwa kwenye mstari wa kadi kabla hamjaondoka. Muuguzi atauliza nepi zilizolowa kwa siku. Sita au zaidi zinatutuliza.

Anayetumia maziwa ya kopo akitoa choo kigumu, kikavu, kama cha mbuzi, huyo ndiye aliyefunga. Angalieni kwanza vipimo: kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisijazwe kilima, na maji yatangulie kwenye chupa.

Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kukaza, damu kwenye choo, homa, au kukataa ziwa: hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Vilevile mtoto mchanga ambaye saa 24 zimepita bila choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata. Zikifika 48 huenda utumbo wenyewe una kasoro. Aliyezaliwa nyumbani, mkunga aulizwe saa ya choo hicho, na iandikwe kwenye kadi.