Utambuzi wa vizuizi kwa kamera katika magari yanayojiendesha

Gari linalojiendesha hutambua vizuizi kwa kamera pale linapogundua, kwa picha peke yake, kwamba mbele kuna kitu lisichopaswa kukigonga: mtu, ng'ombe, gogo, lori lililoharibika. Kuona kwamba kitu kipo ni nusu tu ya kazi. Kujua kiko umbali gani ndiko kugumu.

Picha ni bapa. Basi lililo mbali na pikipiki iliyo karibu huweza kuonekana na urefu uleule. Rada hurusha mawimbi ya redio na lidari hurusha miale ya leza, kisha hupima umbali kwa muda unaopita hadi irudi. Kamera hairushi kitu, hivyo umbali hauna budi kukokotolewa. Subaru, katika mfumo wao wa EyeSight, hufunga kamera mbili kandokando: kitu cha karibu huonekana kimehama sana kati ya picha ya kushoto na ya kulia, cha mbali huhama kidogo mno. Kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili, kosa la kipimo huongezeka kama mara nne, na muda wa kulirekebisha ni mfupi: gari la kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde.

Programu za kutambua vitu hufunzwa kwa picha nyingi mno zenye majina: gari, mtu, baiskeli. Kisichofanana na zilichofunzwa huweza kupuuzwa. Mei 2016, karibu na Williston, Florida, Tesla Model S iliyokuwa kwenye Autopilot, mfumo wa Tesla wa kumsaidia dereva kuendesha, iliingia chini ya trela jeupe lililokuwa likikatiza barabara, na dereva akafariki. Tesla walieleza kwamba si mfumo wala dereva aliyetofautisha ubavu ule mweupe na anga lenye mwanga mkali.

Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi tangu hapo ni kubadili swali. Mwaka 2022 Tesla walionyesha mfumo unaogawa nafasi inayolizunguka gari kuwa vijisanduku, kisha kukadiria kama kila kimoja kina kitu au ni kitupu. Hapo gari laweza kufunga breki hata kama halijui kilicho mbele kinaitwaje.

Jua la usoni, ukungu na tope kwenye lenzi bado huipofusha kamera. Tesla walianza kuondoa rada kwenye magari yao mwaka 2021. Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, wanatumia kamera, rada na lidari pamoja, na mimi naungana na Waymo.