Kuzoea mwinuko si kuwa na pumzi

Wanaojiandaa kupanda mlima mrefu hupenda kusema, "Mimi nimeshazoea, nakimbia kila asubuhi." Mwingine anasema amezoea kwa sababu jana alilala mita 3,700 na hakuumwa kichwa. Wa tatu kameza dawa ya maumivu, kichwa kimetulia, naye anahesabu kuwa kazoea. Mambo matatu tofauti yamepewa jina moja, na huko juu mchanganyo huo unaweza kumtoa mtu roho.

Kuzoea mwinuko ni mabadiliko ambayo mwili huyafanya wenyewe, polepole, ukikaa siku kadhaa mahali pa juu, ili uweze kuishi kwa oksijeni pungufu. Maana yake ni hiyo tu.

Oksijeni yenyewe haijaondoka hewani. Ufukweni au kwenye kilele cha Everest, ni takriban asilimia 21 ya hewa. Kinachoshuka ni mgandamizo: kwenye mita 5,500 hivi umebaki nusu ya ule wa usawa wa bahari, na kileleni Everest kama theluthi moja. Kifua kinajaa vilevile, ila hewa iliyoingia ni nyepesi. Mfaransa Paul Bert alilionyesha hili kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1878.

Mwili hujibu kwanza kwa kupumua haraka na kwa kina. Hapo ndipo panapokwama. Kupumua sana kunaitoa kabonidayoksaidi kwa wingi, damu inapungua asidi, na ubongo ukiliona hilo unakanyaga breki. Ndiyo maana usiku wa kwanza aliyelala huacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha akavuta pumzi kwa kishindo, mwenzake hemani akashtuka. Wa kuilegeza breki hiyo ni figo: zinatoa bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi ya damu, kwenye mkojo, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Seli nyekundu za damu, ambazo ndizo watu huzitaja kwanza, huchelewa zaidi. Kuongezeka kwake kwa kiasi cha maana ni kazi ya wiki, na wapandaji wengi huwa wamesharudi nyumbani.

Tazama basi mazoezi yanaingia wapi. Yanakupa miguu isiyochoka haraka na moyo wenye nguvu, nami simkatazi mtu kufanya mazoezi. Lakini figo hazijui kama unakimbia asubuhi. Tena mwenye mbio ana hatari yake: anafika kambini mapema, anajiona bado ana nguvu, anaunganisha hadi kambi ya pili. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu mara nyingi huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, akiwa amekwisha panda kupita kiasi.

Na huyo aliyelala salama mita 3,700? Ana haki ya kufurahi, ila amezoea mita 3,700. Mita 4,600 ni hesabu nyingine, na akishuka akakaa wiki chache bondeni, mengi aliyoyapata yatapotea. Kwa sababu hiyo madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku ya kupumzika. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi ushuke kulala.

Dawa nazo zitenganishwe. Asetazolamidi huzisukuma figo kutoa bikaboneti, kwa hiyo inasaidia kweli kuzoea. Daktari ndiye wa kukuambia kama inakufaa. Ya maumivu inatuliza kichwa tu. Anayeyumba akijaribu kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari, au anayehema akiwa ameketi, hahitaji kidonge na mapumziko. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa hiyo ukiulizwa kama umezoea, jibu kwa mita na siku, si kwa mbio zako: "Nimelala mita 3,700 siku mbili, sijameza dawa ya maumivu, kichwa hakiumi na chakula kinapita." Kiongozi wa msafara atajua la kufanya na jibu hilo.