Jeki za pembeni hazisawazishi trela

Wengi wakifika kambini na trela ya kulala hushusha zile jeki nyembamba za pembe nne, kisha huzikaza mpaka upande ulioinama uinuke. Hapo ndipo wanapokosea. Jeki hizo zimeundwa kupunguza mtikisiko watu wanapotembea ndani, si kunyanyua uzito wa trela. Ukizilazimisha zitapinda, au fremu itajikunja na mlango ukatae kufunga.

Kinachosawazisha ni matairi na jeki ya mbele, ile iliyo karibu na pale trela inapofungwa kwenye gari. Weka pima maji sakafuni. Upande mmoja ukiwa chini, pandisha matairi ya upande huo juu ya mbao imara, trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Kisha tia kabari kwenye matairi, mbele na nyuma, ndipo uifungue. Ukiruka hatua hii trela inaweza kubingirika yenyewe, na hakuna mkono wa kuizuia. Usawa wa mbele na nyuma humaliziwa kwa jeki ya mbele. Zile za pembeni hushuka mwisho kabisa, ziguse ardhi na kukazwa kidogo tu.

Wala usawa si urembo. Friji ya gesi haina pampu: amonia yake, kemikali inayoleta ubaridi, hutegemea mvutano wa dunia ili izunguke. Ikiwaka huku imeinama mno, kimiminika hutuama, mabomba hupata joto kupita kiasi na friji inaweza kufa moja kwa moja. (Friji ya kompresa, yaani ya umeme kama za nyumbani, haijali sana.)

Magari makubwa ya kulala yenye jeki za haidroli za kusawazishia ni habari nyingine. Hizo kweli huinua.