Kuhamia Uswisi na familia: hesabu ya miezi mitatu ya kwanza

Anayepata kazi Zürich au Geneva huanza kwa kutafuta bei ya mchele na nauli ya treni, akizigeuza kuwa shilingi hadi kichwa kinamuuma. Hesabu hiyo haimsaidii sana, maana mshahara wa huko umepangwa kwa bei za huko. Kinachowakwamisha wengi ni fedha inayotakiwa kwa mkupuo kabla mshahara wa kwanza haujaingia, na karatasi ambazo zilipaswa kushughulikiwa mtu akiwa bado Dar es Salaam au Nairobi.

Karatasi kwanza, kwa kuwa ndizo zinazochelewa. Raia wa nchi zetu hawezi kuingia Uswisi kutafuta kazi akiwa hukohuko. Mwajiri ndiye anayeomba kibali kwenye jimbo, kisha ubalozi unatoa viza ya kitaifa ya aina D. Kuileta familia ni ombi la pembeni lenye muda wake, na hapa ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Sheria inatoa miaka 5 ya kuomba mwenzi na watoto wakufuate, ila kwa mtoto aliyevuka miaka 12 muda ni miezi 12 tu. Mzazi anayesema "nitangulie, nijipange, watoto watakuja baadaye" anaweza kujikuta yule mdogo anaruhusiwa na mkubwa amefungiwa mlango. Ukiwa na mtoto wa miaka 11, mwombee kibali mapema. Mwenzi wako naye ataulizwa lugha ya eneo mnakohamia: awe na kiwango cha chini cha mazungumzo, au aonyeshe kuwa ameandikishwa darasani.

Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vichukuliwe upya kwa msajili; nakala iliyokunjwa kabatini miaka 20 haitoshi. Ubalozi unaweza kuvihakiki kwenye daftari la asili, kazi inayokula wiki nyingi. Tatizo la kawaida kabisa ni herufi: cheti kinasema Salum, pasipoti inasema Salim, cheti cha ndoa kimeongeza jina la babu. Kwetu hilo halimshtui mtu. Kwa karani wa manispaa ya Uswisi hao ni watu watatu tofauti. Sahihisha kabla hujaomba lolote.

Sasa nyumba. Tarehe 1 Juni 2024 jiji la Zürich lilihesabu nyumba zilizo tupu likapata asilimia 0.07, yaani nyumba 7 katika kila 10,000. Usitegemee basi kupata nyumba ya kudumu kwa simu kutoka Mwanza. Njia inayofanya kazi ni kupanga nyumba ndogo yenye samani kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza, kisha kutafuta ukiwa pale na faili lako mkononi: mkataba wa kazi, kibali, barua ya mwajiri, na hati ya kuonyesha kuwa hudaiwi, ambayo hutolewa na ofisi ya madeni ya eneo unaloishi. Mgeni hana historia ya madeni huko, kwa hiyo barua ya mwajiri hubeba uzito. Wenye nyumba wengi hukataa mpangaji ambaye pango litameza zaidi ya theluthi moja ya mapato yake.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi miezi mitatu ya pango, ambayo huwekwa benki kwenye akaunti yenye jina lako na kufungwa. Tuchukue nyumba ya faranga 2,200 kwa mwezi. Amana ni 6,600, na pango la mwezi wa kwanza hulipwa mwanzoni mwa mwezi, 2,200. Hizo ni faranga 8,800 kabla hujanunua hata sufuria. Zipo kampuni zinazotoa cheti cha dhamana badala ya fedha taslimu, nawe ukalipa ada kila mwaka. Ada hiyo hairudi, ndiyo maana tunashauri itumike pale tu ambapo fedha haipo kabisa.

Siku ya kukabidhiwa funguo, tembea na fomu ya makabidhiano chumba kwa chumba. Kila mkwaruzo, kila kigae chenye ufa, uandikwe na upigwe picha. Usichokiandika utakilipia siku ya kutoka. Utakuta jiko, oveni na friji, lakini juu ya dari zinaning'inia nyaya tupu. Mpangaji aliyetangulia ameondoka na taa zake. Tenga fedha ya taa.

Ndani ya siku 14 tangu kufika, familia nzima hujiandikisha manispaa. Saa ya bima ya afya imeshaanza kugonga. Una miezi mitatu ya kuchagua kampuni, na wengi huichukulia kama likizo ya kutolipa. Sivyo: bima inahesabiwa tangu siku uliyoingia nchini. Mwaka 2025 wastani wa malipo ulikuwa karibu faranga 449 kwa mwezi kwa mtu mzima na 118 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili ni kama 1,134 kwa mwezi. Ukijiandikisha mwisho wa mwezi wa tatu, bili ya kwanza inakuja na 3,400 kwa pamoja. Ukipitisha miezi mitatu ni balaa zaidi, kwani unaongezewa malipo na matibabu ya nyuma hayafidiwi.

Mtu mzima huchagua kiasi atakachojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, kuanzia faranga 300 hadi 2,500. Kikiwa kikubwa, malipo ya mwezi hushuka. Baada ya hapo bado unachangia asilimia 10 ya gharama, mwisho 700 kwa mwaka. Anayechagua 2,500 awe na 3,200 zimekaa pembeni kwa mwaka mbaya. Meno kwa kawaida hayamo. Kung'oa, kuziba na kusafisha kufanyike kabla ya safari, kwa familia yote.

Kuhusu mizigo, msimamo wetu ni kupunguza. Uswisi haina bahari. Kontena hushushwa Antwerp, Rotterdam au Genoa, kisha husafirishwa bara, na kila hatua ina bili yake. Kontena la futi 20 lina kama mita za ujazo 33. Ukiwa na mita 4 au 5, gawana kontena na wengine. Vitu vilivyotumika kwako angalau miezi 6 huingia bila kodi ukijaza fomu ya forodha 18.44 na orodha ya vitu. Vipya huandikwa mwishoni mwa orodha na kutozwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 8.1. Ushuru wa forodha kwa bidhaa za viwandani ulifutwa Januari 2024.

Kitanda acha. Chetu cha futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183, wakati godoro la huko ni 140, 160 au 180 kwa 200. Hata mashuka hayatakaa. Birika la umeme na pasi kubwa pia acha: soketi zetu za pini bapa hubeba ampea 13, zao za pini tatu za duara hubeba 10, sawa na wati 2,300 hivi. Birika la wati 3,000 kwenye adapta linazidi uwezo huo. Vinyago vya mpingo vikizidi kilo 10 kwa shehena moja huhitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na gamba la ng'amba lisiguswe. Nguo zifungwe zikiwa kavu kabisa, maana unyevu wa pwani ukifika kwenye baridi hugeuka matone ndani ya kontena na kuleta ukungu.

Kwenye sanduku la ndege, nyama, samli na maziwa kutoka kwetu ni marufuku. Maembe na mboga vinadai cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani havidai.

Leseni ya Kenya au Tanzania inatumika miezi 12, na ndani ya muda huo unapaswa kuomba kuibadilisha, ndipo unafanyiwa jaribio la kuendesha. Jaribio ni moja tu, halirudiwi. Ukianguka, unaanza kama mwanafunzi. Kwa aliyezoea kushika kushoto, masaa machache na mwalimu ni nafuu kuliko kuanza upya.

Kontena linaweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Vyeti asilia, kadi za chanjo, ripoti za shule na koti zito la kila mtoto vibaki kwenye mkoba unaoshika mwenyewe.