Fegi haitoki na jasho

Ndondo, zile mechi za mpira wa mtaani, zikianza tu napata wateja wa aina moja, kijana wa miaka ishirini na kitu, enka imevimba au msuli wa paja umevutika, namfunga bandeji huku tunapiga stori, nasikia harufu ya sigara namuuliza vipi unavuta? Anacheka. "Navuta dokta, ila si nacheza mpira, inatoka yote na jasho." (Mi sio dokta, ni mtu wa fiziotherapia, ila nshachoka kurekebisha.)

Jamani haitoki na jasho.

Mnaijua ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, Njombe na Mbeya kule kwenye baridi? Kaboni monoksidi. Ndo hiyohiyo iko kwenye moshi wa sigara, ila kwa kipimo kidogo kidogo. Sasa chukulia damu yako ni daladala, siti ni himoglobini, abiria ni oksijeni, anapandia mapafuni anashukia kwenye misuli. Hii hewa inang'ang'ania siti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikishakaa hata konda apige kelele vipi haishuki, inazunguka ruti nzima, na hata ile oksijeni iliyobahatika kupata siti nayo inakuwa nzito kushuka kituoni. Mvutaji wa kila siku siti 5 kati ya 100 zinaweza kuwa zimeliwa hivyo, wengine wanafika 10. Ukiwa kijiweni umekaa huoni kitu, utakiona dakika ya 60 mpira umepigwa nyuma ya beki na wewe ndo winga, mapafu yanavuta lakini mizigo haifiki miguuni.

Na moyo nao. Asubuhi kabla ya fegi ya kwanza hesabu mapigo kwa dakika moja, vuta, subiri kidogo hesabu tena. Nikotini inaupandisha kabla hata hujafunga kamba za viatu, kwa hiyo mechi unaianza gia ishapanda.

Wa shisha msicheke, ile juu yake kuna nini kama sio mkaa? Kikao kimoja kinakupa hewa hiyo nyingi kuliko sigara moja, ladha ya tofaa haibadilishi kitu. Tanzania shisha ilipigwa marufuku 2016 ila bado wateja wangu wanaijua bei.

Kinachonipa moyo ni kwamba hizo siti zinaachiwa haraka, ukiwa umetulia kila baada ya masaa 4 mpaka 6 hewa hiyo inapungua nusu, siku mbili bila kuvuta karibu yote imeisha. Mapafu ndo yanataka muda mrefu zaidi, hasa kwa aliyeanza shuleni yakiwa bado yanakua.

Juzi winga mmoja kakubali kujaribu, mechi ni Jumamosi saa kumi, Alhamisi jioni kaniachia pakiti lake, liko kwenye droo yangu hapa limebaki na fegi saba.