Je, wajua? Mwanafunzi huanza kuacha shule miaka kadhaa kabla hajaondoka

Mwanafunzi akiacha shule, watu hutafuta sababu kwenye wiki zile za mwisho: aligombana na mwalimu, alipata kibarua, alikosa ada. Mara nyingi sababu hizo ni za kweli. Lakini kwa wengi wao kuondoka kulianza miaka mitatu, minne, hata mitano nyuma, na dalili zake zilikuwa zimeandikwa kwenye madaftari ya shule yenyewe.

Robert Balfanz wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzake waliamua kuyasoma madaftari hayo. Walichukua kumbukumbu za wanafunzi karibu 13,000 wa Philadelphia waliokuwa darasa la 6 mwaka wa masomo wa 1996/97, wakawafuatilia kwa miaka 8. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yalitaja dalili nne: kuhudhuria chini ya asilimia 80 ya siku za masomo, kufeli hisabati, kufeli Kiingereza, ambacho huko ndiyo lugha ya kufundishia, na kusimamishwa shule kwa utovu wa nidhamu. Kwa dalili hizo tu, zaidi ya nusu ya wale ambao hatimaye hawakuhitimu wangeweza kutambuliwa wakiwa bado watoto wa miaka 11 au 12. Hakuna kati ya hizo iliyohitaji mtaalamu kuigundua. Mwalimu wa darasa anazo zote mezani.

Kwa nini basi hazionekani? Tuchukue mahudhurio. Darasa lina wanafunzi 40, na kila siku wanakosekana watatu. Mwalimu mkuu akiangalia anaona zaidi ya asilimia 92 wamefika, anaridhika. Sasa hesabu kwa mwezi wenye siku 20 za masomo: watatu mara 20 ni makosekano 60. Yakigawanyika kwa darasa zima, kila mtoto amekosa siku moja au mbili. Lakini kama wanaopokezana kukosa ni wale wale 10, kila mmoja wao amekosa siku 6, yaani karibu theluthi moja ya masomo ya mwezi huo. Takwimu ya shule ni ile ile, ila watoto 10 wanapotea. Ndiyo maana watafiti wanashauri daftari lisomwe kwa jina, mtoto mmoja mmoja, na wengi wao huhesabu kukosa asilimia 10 ya siku kuwa tayari ni utoro sugu. Hiyo ni siku mbili tu kwa mwezi, na siku mbili hazimshtui mzazi yeyote.

Siku hizo zinazokosekana huacha mashimo ya aina yake. Chukua mtoto aliyeandika kuwa nusu jumlisha theluthi ni sawa na 2/5. Amejumlisha namba za juu, kisha za chini. Huu si uzembe, kwa sababu kanuni anayo, ila siyo yenyewe. Huenda hakuwepo siku waliyofundishwa kusawazisha asili za sehemu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi ataweka alama ya mkasi na kuendelea. Akipatikana mtu wa kukaa naye na kumwambia "hebu nieleze ulivyofanya", kisha akamuuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, mtoto ataona mwenyewe kwamba amejumlisha akapata pungufu. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Isipofanyika, mwaka unaofuata zinakuja asilimia, uwiano na aljebra, zote zikiegemea pale pale, naye atakaa darasani miezi mingi akinakili asichokielewa. Binafsi naamini huo ndio upweke mkubwa kuliko wote shuleni, na ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtoto atatafuta njia ya kuukimbia.

Shirika la Pratham la India lilijenga mbinu nzima juu ya jambo hili. Mtoto hupimwa kwa dakika chache: anasoma herufi, maneno, aya, au hadithi? Kisha kwa sehemu ya siku watoto hupangwa kufuata pale walipofikia, bila kujali umri wala darasa, na kufundishwa kuanzia hapo. Majaribio ya kitafiti nchini humo yameonyesha kuwa ujuzi wa kusoma hupanda. Tofautisha na kumrudisha mtoto darasa: hapo anapewa mwaka ule ule, mara nyingi kwa njia ile ile iliyomshinda, huku wenzake wakimwacha. Wanaorudia darasa huacha shule kwa wingi kuliko wasiorudia.

Wapo wanaosema yote haya ni suala la akili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2005 na Elaine Allensworth na John Easton unawajibu. Waliangalia mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Waliomaliza mwaka huo bila kufeli somo kuu kwa zaidi ya muhula mmoja, na wakiwa wamekamilisha idadi ya masomo inayotakiwa, walihitimu kwa wakati asilimia 81. Walioteleza walihitimu asilimia 22. Mwaka huo ulibashiri kuhitimu vizuri kuliko alama za mitihani walizokuja nazo. Mwanafunzi aliyeingia na alama za chini akashika njia vizuri alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza kuliko aliyeingia na alama za juu akayumba.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mtu wa kuziona dalili na kuzifanyia kazi wiki ile ile. Mpango wa Check & Connect, ulioanzia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1990, humpa kila mwanafunzi aliye hatarini mtu mzima mmoja wa kumfuatilia. Huyo huangalia mahudhurio, nidhamu na alama zake mara kwa mara, huzungumza naye kuhusu alichokiona, na huwasiliana na nyumbani hata pasipo na kosa. Mtoto akikosa siku mbili, inafaa aulizwe kilichompata kabla hajaulizwa kwa nini amevunja sheria, maana anayelea wadogo zake na anayekwepa kuchekwa hawawezi kusaidiwa kwa adhabu moja. Mfuatiliaji hujifunga kwa miaka isiyopungua miwili, na mwanafunzi akihamia shule nyingine ya eneo hilo, humfuata huko.