Kitabu cha Mwani Kikae Rafu Gani? Kwa Anayefikiria Kusomea Ukutubi

Wanafunzi wapya ninaowafundisha ukutubi, yaani kazi ya maktaba, hapa Bagamoyo huanza na zoezi la kitabu kimoja tu: kijitabu chembamba kuhusu kilimo cha mwani, kazi ya akina mama wa Mlingotini, kijiji ambacho hakiko mbali na mji wetu. Nakiweka mezani nauliza, hiki kikae rafu gani? Rafu za maktaba hupangwa kwa namba, kila mada na yake.

Wa kwanza husema 630, kwenye kilimo, maana jalada lenyewe limeandikwa kilimo. Anainuka mbishi: mwani unalimwa baharini, upelekwe 639 pamoja na uvuvi na ufugaji wa samaki. Aliyependa baiolojia shuleni anataka 579, wanakokaa mwani kama viumbe. Hakosekani mmoja, aghalabu mtoto wa mfanyabiashara, wa kusema nusu ya kitabu ni bei na wanunuzi, kwa hiyo ni 338, uchumi wa uzalishaji. Wanabishana mpaka saa ya chai.

Nao wote wana hoja. Basi nawatupia swali la pili: mama ambaye mwani wake umeanza kupauka na kukatika kwenye kamba, akija maktaba ataanzia wapi? Hapo kelele hupungua. Kitabu ni kimoja, hakiwezi kukaa rafu nne kwa mpigo, lakini katalogi, ile orodha ya kutafutia vitabu vya maktaba, inaweza kukifungulia milango minne. Mkutubi analipwa kuhakikisha mlango atakaoubisha yule mama upo, tena umeandikwa “mwani”, neno lake, wala si jina la kitaalamu peke yake.

Nimeanza na hilo kwa sababu ya wazazi wanaoniuliza, kwa heshima zote, “Mwalimu, mtoto asome miaka mitatu kupanga vitabu?” Kupanga vitabu ni kazi ya asubuhi moja. Kujua mtu atakitafuta kwa neno gani ndiko kunakokula miaka.

Namba hizo ni za mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876, na una upendeleo wake. Kiingereza kimepewa 420 nzima, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Kiswahili kimebanwa ndani ya 496 pamoja na lugha nyingine za Afrika, hadi kufika 496.392. Ndiyo maana vitabu vyetu vya lugha hubeba namba ndefu mgongoni. Huwa nawaambia wanafunzi waudhike kidogo, halafu waijue kwa moyo.

Chukua pia kitabu chochote kilichochapishwa nchini ukigeuze nyuma. ISBN yake, yaani namba ya kukitambulisha, huenda ikaanza na 978-9976 au 978-9987. Tarakimu hizo ni za wachapishaji wa Tanzania, na anayezitoa ni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyohiyo ndiyo yenye SLADS, chuo cha ukutubi na utunzaji wa nyaraka, hapa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989, ambako kijana wa kidato cha nne anaweza kuanzia astashahada na kupanda hadi stashahada. Anayetaka shahada ataendelea chuo kikuu. Sifa za kujiunga zisome kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, wa mwaka husika, usimsikilize wa kijiweni.

Maktaba ni chache, hilo tusifichane. Lakini masjala, yaani ofisi za kutunzia majalada (mafaili), ziko kila mahali: halmashauri, hospitali, mahakama, bandari. Walioko Tanga wanacho Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tanga, kinachofundisha utunzaji wa kumbukumbu. Vijana huidharau masjala kwa sababu ya vumbi lake. Mimi mwenyewe nilihangaika miezi kadhaa nikitafuta barua yangu ya kuthibitishwa kazini katika ofisi moja niliyowahi kuitumikia. Ilikuja kuonekana ndani ya jalada la mtu tuliyefanana jina la ukoo. Hakuna aliyeiiba. Aliyeipachika alitazama jina, hakutazama namba ya jalada. Kwa mstaafu anayesubiri mafao, kosa la namna hiyo ni njaa.

Upande wa nyaraka za kale ndio unaonivuta zaidi, japo nafasi zake ni za kuhesabu. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizo katika hifadhi ya Nyaraka za Taifa ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Wanaoweza kusoma mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha wakati ule hapa nchini si wengi. Vivyo hivyo Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho bado kimo kwenye makasha ya nyumba nyingi za pwani. Kijana aliyesoma madrasa ana mtaji asioujua.

Na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Pini ya stepla ikikaa kwenye karatasi huota kutu, kutu inaila karatasi, na ukiichomoa kwa pupa unaondoka na kona nzima yenye saini. Tunaifungua miguu polepole kwa kisu butu chembamba, karatasi imelala bapa mezani, mkono wa pili umeigandamiza. Jalada moja lililonona laweza kumaliza asubuhi.

Kompyuta utafundishwa, ikiwemo Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa leseni. Kiingereza utakihitaji. Lakini kama unakereka kuulizwa swali lilelile mara ya tano kabla ya saa nne asubuhi, tena na mtu asiyekumbuka jina la kitabu ila rangi ya jalada lake, jaza fomu ya kozi nyingine.